Namna ya kubandika kihisi laini cha moyo kwenye ngozi

Kihisi laini cha mapigo ya moyo ni utando mwembamba uliopakwa polima inayopitisha umeme, aina ya plastiki ambayo ugunduzi wake uliwapatia Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Osha kifua kwa maji na sabuni, kisha ukikaushe kabisa. Hapa Mbeya, ambako baridi ya Juni na Julai hutufanya tujipake mafuta mazito kila asubuhi, hatua hii ndiyo rahisi kupuuzwa, ilhali mafuta huzuia umeme hafifu wa moyo kukifikia kihisi, na gundi nayo haishiki. Nyoa nywele. Bandika kuanzia katikati kuelekea pembeni, ukikandamiza kwa kiganja mpaka viputo vya hewa viishe.

Kihisi cha kidoleni, kinachotumia mwanga kupima mapigo na oksijeni iliyo kwenye damu, kina masharti yake: pasha mikono joto kwanza, kwa sababu baridi hubana mishipa ya damu, na ondoa rangi ya kucha. Aidha, kwa mwenye ngozi nyeusi kipimo cha oksijeni huweza kuzidi kiwango halisi. Kwa hiyo anayehema kwa shida apelekwe hospitali hata kama namba inaridhisha.