Somo: Sato na kamongo kwenye sinia moja

Wengi mnakariri makundi ya kodata, yaani wanyama wenye uti wa mgongo na jamaa zao wa karibu, kama orodha ya madeni, kisha kwenye mtihani yanachanganyika. Leo tunashika kisu.

Hatua ya 1. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi, nunua sato mzima asiyeparuliwa na kipande cha kamongo upande wa mkia. Muuzaji akate pingili, asipasue kwa urefu. Sema ni ya somo, la sivyo mtaishia kubishana kuhusu supu.

Hatua ya 2. Funua shavu la sato uhesabu matao ya matamvua: manne kila upande. Kodata wote huota mifuko kooni wakiwa viinitete. Wewe pia ulikuwa nayo, ila kwetu iliishia kwenye sikio la kati na tezi za shingoni.

Hatua ya 3. Pasua tumbo kuanzia tundu la haja, wembe usizame. Kile cheupe kinachong'aa chini ya uti wa mgongo ni kibofu cha hewa. Kamongo yeye ana mapafu, ndiyo maana hupanda juu kuvuta pumzi.

Hatua ya 4. Kata mkia wa sato pingili. Juu ya mfupa kuna uzi mweupe: ugwe wa neva. Wa senene umepita tumboni, na hilo peke yake linamtoa kwenye kodata. Sasa geukia kamongo. Katikati, mahali pa mfupa, kuna duara laini kama jeli. Ndiyo notokodi, ufito laini unaotegemeza mgongo. Kwa sato imebanwa na mifupa. Kamongo anazeeka nayo.

Maswali

— Mwalimu, kama hana mfupa hapo katikati, mbona anahesabiwa mwenye uti wa mgongo?
Tazama juu na chini ya ile jeli: kuna vijitao vigumu. Hizo ni pingili za uti wa mgongo zisizokamilika. Na fuvu analo. Amfioksi, kodata mdogo wa baharini anayefanana na samaki, hana vyote viwili.

— Basi kamongo na kambare ni ndugu? Wamefanana.
Umbo linadanganya. Kambare yuko na sato, mapezi ya miali, yaani vijiti vyembamba. Kamongo yuko upande wa mapezi yenye nyama, ukoo uliozaa chura, kuku na sisi. Kamongo ni ndugu yako wa karibu kuliko sato alivyo ndugu wa kamongo.

— Sato bei juu, nitumie dagaa?
Utahitaji lenzi. Bora panki la sangara: nyama imetolewa, uti wa mgongo umebaki mzima. Matumbo tu ndiyo utayakosa.