Somo: Mshale wa matete ya ziwani, kuanzia kukata mpaka kupiga shabaha

Wakuu, salaam. Wengi mliotengeneza upinde wa mti wa mkole sasa mnauliza kwa nini hamgongi mnapolenga. Jibu langu halijabadilika: shida haiko kwenye upinde, iko kwenye mshale. Upinde wa wastani wenye mishale inayofanana utakupa jibu lile lile kila ukivuta. Upinde wa kutisha wenye vijiti vya kuokota utatawanya uwanja mzima, na wewe utaishia kulaumu mkono wako. Kwa hiyo leo upinde ubaki ukutani, sisi tushuke Ziwa Victoria.

Kabla ya yote tuelewane. Somo hili ni la shabaha. Kuwinda mnyamapori bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na usidhani sungura au kanga wa porini hawahesabiki. Kuingia hifadhi ya taifa na silaha bila kibali ni kosa lingine linalojitegemea. Na sisi wa Mwanza hifadhi haziko mbali: Saanane iko hapo mbele ya mji, halafu Serengeti ya magharibi inafika karibu kabisa na ziwa pale Ndabaka, barabara ya kwenda Musoma. Ukipita njia hiyo na vifaa, vifunge kwenye mzigo, usivining'inize begani kama sungusungu wa zamu.

Kwa nini matete? Ni mepesi, yana uwazi ndani, na hayauzwi dukani. Wala si kitu cha kujaribu jaribu. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Misri mwaka 1922, lilikutwa na mishale ya matete yenye kijiti cha mti mgumu kwa mbele, muundo ule ule tunaoufanya leo. Maji ya Nile yanayopita Misri mengine yametoka kwenye ziwa letu hili, kwa hiyo tusione haya.

Hatua ya 1: Kukata

Kata kiangazi, Juni hadi Agosti, shina likiwa limekomaa na kuanza kuwa la njano. Chagua unene wa milimita 8 hadi 10, na ukate urefu wa mita moja ili upate pa kupunguza. Angalia usichukue mabingobingo. Kwa mbali yanafanana, lakini ukikata, mabingobingo yana nyama laini ndani, wakati tete la kweli lina tundu safi kati ya kifundo na kifundo.

Sasa hatari. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na vijidudu vyenyewe hutoka kwenye konokono mchana, hasa jua likiwa kali. Usiingie majini. Kata yaliyo nchi kavu, vaa gambuti, na kama ulishakanyaga maji kwa miguu mitupu nenda ukapime, dawa ipo. Mamba na viboko sina haja ya kuwaeleza watu wa Kayenze na Ukerewe. Msiingie na panga kwenye matete yaliyosongamana alfajiri au jioni, basi.

Pitia kwanza ofisi ya mtaa au ya kijiji. Ukanda wa mita 60 kutoka ziwani unalindwa kisheria, na samaki wanazalia humo kwenye matete. Mishale 12 inahitaji matete 25 hivi, kwa sababu nusu utayatupa. Kata moja hapa, moja kule, using'oe mizizi.

Hatua ya 2: Kukausha

Menya majani, funga robota kwa kubana, lisimamishe kivulini penye hewa wiki nne hadi sita. Usianike juani, yatapasuka kwa urefu. Usiweke jikoni juu ya dari la moshi pia, yanakauka haraka mno nje kabla ya ndani.

Hatua ya 3: Kunyoosha

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapokata tamaa. Hakuna tete lililonyooka. Lina vifundo sita au saba, na kila kifundo kinakwenda upande wake.

Washa jiko la mkaa, subiri ndimi za moto ziishe zibaki makaa mekundu. Anza na pingili zilizopinda, yaani sehemu za kati ya kifundo na kifundo, kisha ndiyo uje kwenye vifundo. Ukianza na vifundo utarudia kazi yote. Shikilia sehemu iliyopinda kimo cha kiganja kimoja juu ya makaa na uizungushe bila kusimama. Baada ya muda ganda linaanza kung'aa na unasikia kwa vidole kwamba limelegea. Litoe, lipinde kupita kidogo pale unapotaka, ulishikilie hivyo hivyo mpaka lipoe kabisa. Ukiliachia likiwa la moto linarudi lilikotoka. Likigeuka rangi ya kahawia iliyokolea umelichoma, na tete lililochomwa huvunjika kwenye upinde, kwa hiyo liweke kando likawe la kuwashia jiko.

Tete ambalo halijakauka sawasawa usilipeleke motoni. Vifundo vimeziba pande zote, mvuke wa ndani unalipasua, na linaruka usoni.

Kwa kukagua, funga jicho moja utazame kwa urefu huku unalizungusha polepole. Kisha lilaze juu ya kioo cha dirisha au meza ya vigae ulisukume: likibiringika bila kudunda, limekubali. Liache siku tatu nne, ukague tena. Mengi yatakuwa yamerudi kidogo, nawe unayapasha tena kidogo.

Hatua ya 4: Kupima ugumu

Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayotenganisha mishale na vijiti. Mshale ukiachiwa haupiti upinde ukiwa umenyooka. Unajipinda kuuzunguka mti wa upinde, kisha unajinyoosha hewani. Ukiwa mgumu kupita kiasi hauwezi kuzunguka, ukiwa laini unazidisha.

Weka tete juu ya misumari miwili iliyo umbali wa sentimita 66. Katikati ning'iniza chupa ya plastiki yenye mililita 900 za maji. Pima limeshuka milimita ngapi. Kwa upinde wa kilo 18 (ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wa mti wenyewe) tafuta milimita 16 au 17. Kwa upinde wa kilo 14, milimita 21 hadi 22. Kwa kilo 23, milimita 13. Upinde wetu wa mti mmoja una shikio nene na mshale unapita pembeni yake, kwa hiyo ukikosea, kosea upande wa ulaini. Cha muhimu kuliko namba yenyewe ni mishale yako yote ishuke karibu sawa.

Nguvu hiyo ya upinde inapimwa kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki pale Mwaloni. Ning'iniza upinde kwa kamba yake kwenye ndoano, vuta shikio chini mpaka urefu unaovuta siku zote, soma.

Hatua ya 5: Kijiti cha mbele na kigumba

Upande mnene wa tete ndio unakaa mbele. Chonga kijiti cha mkole au mti mwingine mgumu, sentimita 15 hadi 20, sentimita 5 ziingie ndani ya tundu. Paka gundi ya mbao, kisha zungushia uzi wa nailoni wa fundi viatu kwa nje, sentimita 2, kwa kubana. Bila uzi huo, siku mshale ukigonga kitu kigumu kijiti kitarudi nyuma na kulichana tete lote.

Kwa shabaha, ncha ya kijiti yenyewe ukiichonga butu na kuipitisha motoni inatosha. Anayetaka chuma aone mhunzi amtengenezee kigumba kidogo cha mviringo. Upande wa Geita na Buzinza Warongo waliyeyusha chuma tangu zamani, lakini siku hizi mhunzi wa sokoni na kipande cha nondo wanamaliza kazi.

Mshale ukikamilika, uweke juu ya kidole utafute unapolala sawa. Pawe mbele ya katikati, sentimita 8 hadi 11 kwa mshale wa sentimita 75.

Hatua ya 6: Pengo la kamba

Ni mkato wa mwisho wa nyuma wa mshale, ambamo kamba ya upinde inakaa. Kata tete nyuma ya kifundo, sentimita moja na nusu hivi, ili kifundo kizuie mpasuko. Toa pengo kwa msumeno wa chuma, lainisha kwa msasa, funga uzi chini yake. Kamba ikae kwa kubana kidogo tu.

Hatua ya 7: Manyoya

Matatu, sentimita 10 hadi 12. Batamzinga ndiye bora, bata bukini anafuata, jogoo mkubwa wa kienyeji anafaa. Ndege wa porini waacheni. Manyoya ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, kwa sababu yanapinda kinyume. Ukichanganya, moja linauzungusha mshale huku na jingine kule.

Pasua mfupa wa unyoya katikati kwa wembe, usugue mpaka ulale bapa. Gawanya mzunguko wa tete sehemu tatu sawa. Unyoya mmoja uelekee nje, mbali na upinde, pengo la kamba likiwa limesimama. Funga ncha za mbele kwa uzi, halafu upitishe uzi ule ule kuelekea nyuma katikati ya vinyweleo, ukiviachanisha kwa sindano ili usivilaze. Kisha nta juu ya uzi.

Ncha ya mbele ya mfupa wa unyoya iwe imefunikwa kabisa na uzi. Mshale wetu unapita juu ya mkono ulioshika upinde. Mfupa ulioachwa wazi unakata ngozi ya mkono huo kila ukiachia, na kidonda hicho hakiponi upesi.

Hatua ya 8: Kupiga

Shabaha ni gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu, nyuma yake tuta la udongo au kichuguu. Si jiwe! Mji wetu wote mawe, na mtu anaona mwamba mkubwa anadhani amepata ukuta. Tete likigonga mwamba linapasuka vipande virefu vyenye ncha na vinarudi.

Kabla ya kila mpigo pinda mshale kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kukatika, uvunje hapo hapo, asije mwingine akauokota. Usiachie kamba bila mshale. Anza mita 8, usiongeze mpaka mishale mitatu ilale pamoja.

Maswali ya wanachama

Mnyantuzu_wa_Igoma: Ahsante kwa somo mkuu. Mimi natumia mkono wa kulia, mishale yangu yote inakwenda kushoto, tena imekaa pamoja. Nibadilishe ninavyolenga?

*Jibu:* Usiguse unavyolenga. Ikikaa pamoja kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, mishale ni migumu kwa upinde wako. Ongeza uzito wa mbele, weka kijiti kirefu au kigumba kizito kidogo, itarudi. Ingekuwa inakwenda kulia ni laini, hapo unafupisha.

BintiMagu: Kaka, mafunjo hayafai? Kwetu matete yamebaki machache, mafunjo ni tele.

*Jibu:* Kwa mshale hayafai dada, ndani ni sifongo tupu, upinde unayakunja. Ila yakaushe, yafunge robota nene kwa kamba za nyavu, utapata shabaha inayoshika mshale bila kuuvunja. Kwa mshale tumia vijiti vya mkole vilivyonyooka. Vizito zaidi, na manyoya yawe marefu kidogo.

Kijana wa Buhongwa: Shikamoo mzee. Wahadzabe wanatumia sumu kwenye mishale. Utatufundisha?

*Jibu:* Marahaba. Hapana. Wahadzabe wa Eyasi wanaishi kwa kuwinda na wamelelewa na sumu hiyo tangu utoto. Sumu hizo zinasimamisha moyo, wa mnyama na wa mtu. Wewe una gunia la nguo, halihitaji sumu.

Fundi_Ukerewe: Hapa kisiwani mchana upepo hauachi. Nifanyeje?

*Jibu:* Piga asubuhi kabla ziwa halijaanza kupumua kuelekea nchi kavu. Ukilazimika mchana, simama upepo ukupige usoni au mgongoni, usiwe wa ubavu. Mshale wa matete ni mwepesi, upepo wa ubavu unausogeza pembeni hata ukipiga umbali wa mita 15 tu.

Mama_wawili: Mwanangu ana miaka tisa, anang'ang'ania. Ni salama?

*Jibu:* Kwa upinde wa kilo 5 hadi 7, na wewe ukiwa umesimama hapo hapo, sawa. Mpime: aweke pengo la mshale kifuani, anyooshe mikono yote miwili mbele viganja vikigusana, na ncha ipite vidole kwa sentimita 5. Mshale ukiwa mfupi kuliko hapo utadondokea ndani ya upinde akivuta sana, na ukiachiwa unaingia mkononi. Usimpe mishale yako ya zamani uliyoikata.

Mnyantuzu_wa_Igoma: Nimeongeza vigumba, imesogea katikati lakini sasa inashuka chini kabla ya shabaha.

*Jibu:* Uzito umeongezeka, lazima ishuke. Pima mshale mmoja kwenye mizani ya sonara. Kwa upinde wa kilo 18, gramu 25 hadi 30 zinatosha. Ikizidi hapo, punguza kigumba na uchague matete laini zaidi kutoka kwenye robota lako.