Kupima P ya asidi ya benzoiki kwa oktanoli na maji

P ni ukolezi wa dutu kwenye oktanoli (alkoholi isiyochanganyika na maji) ukigawanywa kwa ukolezi wake kwenye maji, mambo yakishatulia. Asidi ya benzoiki, ile inayozuia juisi za chupa kuchacha, inafaa kujifunzia: logi P yake (logarithimu ya P) ni karibu 1.87, yaani P ni kama 74, hivyo ukikosea utajua.

Hatua ya 1. Tikisa oktanoli safi pamoja na asidi ya hidrokloriki ya 0.01 mol/L, acha saa 24, kisha tenganisha; tabaka la asidi ndilo "maji" ya hatua zinazofuata. Oktanoli hunywa maji, takriban asilimia 5 ya uzito. Ukiruka hatua hii ujazo wa matabaka utabadilika kazi ikiendelea. Asidi nayo ni ya lazima. pKa ya benzoiki, yaani pH ambapo nusu ya molekuli zake zimekuwa ioni, ni 4.2: kwenye pH 2 molekuli karibu zote ni nzima, kwenye pH 7 karibu zote ni ioni zinazong'ang'ania maji, na logi inaporomoka hadi karibu −0.9.

Hatua ya 2. Yeyusha miligramu 61 za benzoiki katika oktanoli iliyoshiba maji ya hatua ya 1, ujazo ufike mililita 100. Hiyo ni milimoli 5 kwa lita.

Hatua ya 3. Andaa mirija yenye vifuniko, miwili kwa kila uwiano wa oktanoli kwa maji: mililita 10 kwa 10, 10 kwa 20, 20 kwa 10. P isipolingana katika yote, kuna kasoro.

Hatua ya 4. Kwenye nyuzi 25, pindua kila mrija juu chini mara 100 kwa dakika 5. Usitikise kama anayepiga mayai. Utapata ukungu mweupe usiokatika. Weka kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) hadi maji yang'ae.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi huharibu. Maji yako chini, sindano inapita kwenye oktanoli. Mikrolita 10 tu za oktanoli, chini ya nusu tone, zikiingia kwenye mililita 1 ya maji, P inashuka kutoka 74 hadi kama 42. Vuta hewa kidogo kwenye bomba la sindano, isukume taratibu unaposhuka, kisha vuta maji. Ukitoka, badili sindano kabla ya kumimina.

Hatua ya 6. Soma maji kwenye spektrofotomita (kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa), karibu nanomita 230. Kwa uwiano wa 1:1 tarajia kama miligramu 8 kwa lita. Oktanoli izimue mara 100 kwa ethanoli, na uichoree mstari wake wa viwango (vipimo vya ukolezi unaojulikana) ndani ya ethanoli hiyo hiyo. Jumlisha benzoiki ya matabaka yote mawili: isipokaribia ulichoweka, usiamini P hiyo.

Ukibadili oktanoli kwa benzeni, molekuli za benzoiki hushikana mbili mbili ndani yake, na uwiano hupanda kadiri ukolezi unavyopanda. Huko pima kwa viwango vitatu vya ukolezi au zaidi, usitoe namba moja.