Namna ya kutafsiri "reliable" bila kuandika "ya kuaminika" kila mahali

Ripoti imeandikwa "reliable water supply", mtafsiri akaandika "usambazaji wa maji ya kuaminika". Msomaji wa Chamwino anabaki anajiuliza maji yalisema uongo lini. Kosa si la kamusi. Kiingereza kimefungasha ndani ya neno moja mambo ambayo Kiswahili huyagawa, kwa hiyo kabla ya kuandika chochote tazama kile kinachosifiwa: kinasema, kinabeba, kinakuja au kinadumu?

Kinachosema ndicho hasa cha "kuaminika": shahidi, chanzo cha habari, takwimu, taarifa. Hapo huna haja ya kuhangaika.

Kinachobeba jukumu ni "wa kutegemewa". Fundi, dereva, mtunza stoo, hata beki wa timu. Usikimbilie "mwaminifu", maana uaminifu ni kutokuiba na kutokudanganya, na Kiingereza chake ni "trustworthy" au "honest". Keshia asiyegusa hata shilingi mia lakini anafika saa nne kila siku ni mwaminifu, ila si wa kutegemewa. Fundi anayefika saa moja kamili na kuondoka na nusu mfuko wa saruji, huyo naye mpime mwenyewe.

Shimo kubwa liko hapahapa, na wengi huangukia humo wanapoandika barua ya kuomba kazi. "Kutegemewa" na "kutegemea" vinatofautiana kwa herufi moja, na Kiingereza nacho kina "dependable" na "dependent". Ukiandika "I am a dependent person" umemwambia mwajiri kwamba wewe ndiye unayehitaji kulishwa. Kwenye fomu ya bima ya afya, "dependants" ni watu kama mwenza na watoto, yaani wategemezi. Vivyo hivyo "utegemezi" si tafsiri ya "reliability". Utegemezi ni hali ya kumwegemea mwingine. Andika "kutegemeka" au "kutegemewa". Kati ya hayo mawili, kiambishi "-able" cha Kiingereza kinalingana zaidi na kauli yenye -ika au -eka: barabara inapitika, chakula kinalika, mtu anategemeka. "Anategemewa" husema kwamba watu tayari wanamtegemea, hata kama pengine hawakupaswa.

Kinachokuja, yaani kinachopatikana au kukosekana, ni "cha uhakika": maji ya uhakika, umeme wa uhakika, usafiri wa uhakika, soko la uhakika la zabibu. Karibu kila andiko la mradi wa kilimo linalohusu Dodoma lina maneno "unreliable rainfall", na tafsiri iliyozoeleka ni "mvua zisizotabirika". Hiyo ni "unpredictable", jambo jingine. Mkoa una msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mkulima wa uwele anajua vizuri kwamba mvua huweza kukatika katikati ya msimu. Hilo analitabiri. Asichokuwa nacho ni hakika kwamba mvua hiyo itatosha. Andika "mvua zisizo za uhakika". Usichanganye pia na "reliant on rainfall", ambayo ni kutegemea mvua. Mzizi wake ni "rely", uleule uliomo ndani ya "self-reliance", kujitegemea, neno lililoenea nchini baada ya Azimio la Arusha la 1967.

Kinachodumu ni imara au madhubuti. Kwenye tangazo la kuuza pikipiki, "haisumbui" inatosha na inauza zaidi.

Visawe vya Kiingereza havibadilishani ovyo. "Dependable" ina joto kidogo kuliko "reliable", na humfaa zaidi mtu. "Trusty" ni ya chombo cha zamani kinachopendwa, jembe au baiskeli, na ina utani ndani yake, kwa hiyo isitumike kwenye barua ya kazi. "Staunch" ni ya mfuasi asiyeyumba. "Consistent" ni kutobadilika tu, hata kwa ubaya: basi linalochelewa saa moja kila siku ni "consistent".

Hilo la mwisho ndilo linalowatesa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na kwingineko wanapofika sura ya tatu ya tasnifu, kwenye "reliability" na "validity". Chukua kreti la zabibu la kilo 20, ulipime mara tatu. Mizani ikisoma 22, 22, 22, ina "reliability" lakini haina "validity": inarudia jibu lilelile, nalo ni la uongo. Ikisoma 18, 21, 23, imekosa yote. Kwa maana hii "kuaminika" linapotosha, kwa kuwa hakuna atakayeiamini mizani inayozidisha kilo mbili. "Uthabiti" linakaa vizuri zaidi, na "uhalali" au "usahihi" libaki kwa "validity". Utakuta tasnifu zinazotumia maneno mengine. Chagua moja, lieleze mara ya kwanza, usilibadilishe.

Kwa dodoso, uthabiti wa ndani, yaani maswali yake kukubaliana, hupimwa mara nyingi kwa namba iitwayo alfa ya Cronbach, na kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni 0.7 kwenda juu. Alfa ikiwa chini sana, au hasi, anza kwa kutafuta swali lililogeuzwa. Kama maswali mengine yanasema "Napata maji kwa wakati" na moja linasema "Mara nyingi nakosa maji", alama za hilo moja zigeuzwe kabla ya kukokotoa. Kama majibu ni ya 1 hadi 5: 1 iwe 5, 2 iwe 4, na 3 ibaki. Sababu nyingine ni maswali kuwa machache mno, au swali moja kuuliza mambo mawili.

Wahandisi wana maana yao: uwezekano wa kifaa kufanya kazi bila kuharibika kwa muda na mazingira yaliyotajwa. Pampu ya kisima iliyofanya kazi saa 900 na kuharibika mara tatu ina wastani wa saa 300 kati ya hitilafu. Muda inaosubiri spea hauhesabiwi humo. Huo huingia kwenye "availability", upatikanaji, na pampu inayoharibika mara moja tu kwa mwaka lakini ikakaa wiki sita bila kutengenezwa itaonekana nzuri kwenye hesabu ya kwanza.

Tahajia: y ya "rely" hugeuka i, kwa hiyo "reliable", si "relyable". "Dependable" ina -able, ila "responsible" ina -ible. Mkazo wa "reliable" uko kwenye silabi ya pili, ri-LAI-a-bo, si kwenye ile ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili kinavyotuzoesha. Na baada ya "rely" weka "on" au "upon", kamwe si "to".