Jinsi ya kuchagua shahada ya sayansi shirikishi za afya Tanzania

Anza na kazi yenyewe, jina la kozi lifuate baadaye. Wahitimu wengi wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) hujaza maabara, mionzi na fiziotherapia kama kozi za akiba baada ya udaktari, ilhali ni kazi zisizofanana hata kidogo.

Mtu wa maabara hushinda na sampuli kuliko wagonjwa: damu, mkojo, makohozi, pamoja na zamu za usiku. Kabla hujajaza kozi hii, pimwa kama macho yako yanatofautisha rangi. Kwenye rangi ya Gram, inayotumika kutofautisha bakteria kwa hadubini, kundi moja la bakteria hubaki zambarau na jingine huwa waridi. Ukizichanganya, mgonjwa anaweza kuandikiwa dawa isiyomfaa.

Fiziotherapia ni kazi ya mikono na subira. Utamgeuza mgonjwa wa kiharusi, utamsimamisha, utarudia naye zoezi lile lile wiki hadi wiki. Viungo bandia, fani ambayo Moshi ina chuo chake cha siku nyingi, TATCOT, ni nusu hospitali na nusu karakana: unachukua umbo la kigutu kwa plasta, unalichonga hadi likae sawa, unalivika plastiki iliyopashwa moto, kisha unamvisha mgonjwa na kurekebisha panapombana. Asiyependa vumbi la plasta atateseka miaka yote.

Mionzi nayo ina njia mbili. Ya kwanza ni kupiga picha: eksirei, CT, MRI. Ya pili ni tibamionzi kwa wagonjwa wa saratani, na vituo vyake nchini ni vichache, Ocean Road na Bugando vikiwamo. Ukiichagua, jua kwamba hutaajiriwa popote tu.

Ukishapata kazi inayokufaa, nenda hospitali ya mkoa, uombe ruhusa uone idara hiyo inavyofanya kazi walau siku moja. Waulize waliopo kazini wamesajiliwa na baraza gani. Swali hili ni zito kuliko ada. Maabara wana baraza lao, mionzi wana lao, na shahada isiyotambuliwa na baraza husika haikupi leseni. Shahada ya baiolojia ya molekuli au bioteknolojia, kwa mfano, inafaa sana kwa utafiti, lakini usidhani itakufungulia mlango wa maabara ya hospitali. Uliza barazani kabla ya kuomba. Uliza pia kama kada hiyo ina mwaka wa utarajali baada ya shahada, ili uuhesabu kwenye mipango yako.

Sasa fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huo huo, si wa mwaka jana. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kozi inayotaka C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia inataka jumla ya pointi 6. Lakini mwenye C ya Baiolojia na D ya Kemia, ingawa naye ana 6, mfumo utamkataa. Soma masharti ya kila somo, usiishie kwenye jumla. Mwenye diploma aangalie GPA inayotakiwa na aombe mapema AVN, yaani namba ya uhakiki wa tuzo yake, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Bila hiyo maombi hayaendi.

Kwenye bajeti, ongeza nauli na malazi ya mafunzo kwa vitendo, maana huenda ukapangiwa mkoa mwingine.

Maombi hutumwa moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa. Wapo wanaopoteza nafasi hapa kwa sababu fomu ilijazwa steshenari kwa simu ya mhudumu. Tumia laini na barua pepe yako mwenyewe, na laini hiyo iwe hewani mpaka uripoti chuoni.