Kulala kwa bei nafuu katika nyumba za mawe za Lamu: uliza upepo kwanza

Mgeni akinipigia simu kutoka Nairobi au Nakuru huuliza mambo matatu: bei, waifai, na kama tuko karibu na bahari. Sawa, lakini hayo hayatamsaidia kupata usingizi. Mimi natunza nyumba yetu ya familia hapa Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, tunakodisha vyumba vichache, na ningefurahi kama angeniuliza hivi: chumba kiko ghorofa gani, upepo unaingilia wapi, na maji ya kuoga yanatoka wapi. Mwenye majibu ya hayo hulala vizuri hata kwenye chumba cha bei ya chini kabisa.

Nyumba hizi hazikujengwa ziwe hoteli. Nyingi ni za karne ya 18 na ya 19, zilijengwa kwa ajili ya familia, na kila sehemu ilikuwa na kazi yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa moja na zaidi. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haistahimili kuvuka nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana chumba chako kitakuwa kirefu na chembamba. Usidhani mwenye nyumba amekigawa kwa tamaa ya pesa, ndivyo kilivyozaliwa. Tena mji wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, kwa hiyo mtu hatoboi ukuta wa mbele kiholela ili apachike mashine ya baridi au dirisha la vioo. Baridi yetu inatokana na unene wa kuta, uwazi wa kiwanda, yaani ua wa ndani, na upepo wa bahari.

Ukiingia, kwanza utapita daka, kibaraza cha mlangoni penye viti vya mawe kila upande, kisha mlango wa kuchonga, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, halafu unatokea kiwandani, ua wa ndani ulio wazi juu. Vyumba vinafuatana kutoka hapo: msana wa kwanza na msana wa pili, ambazo ni kumbi ndefu za kukaa, na nyuma kabisa kile tunachokiita ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, chenye zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani. Nyumba nyingine zina sabule, chumba cha wageni hasa, ambako mfanyabiashara aliyekuja na jahazi angeweza kukaa miezi akisubiri upepo wa kumrudisha kwao, bila kupita kwa wanawake. Kwa hiyo kupokea wageni si jambo jipya kwetu. Nyumba yenye sabule ikikupa chumba hicho kwa bei unayoweza, kichukue. Mara nyingi kina mlango wake na utulivu wake.

Sasa upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi tuna kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini mashariki. Mji wetu umeelekea mashariki, unatazamana na kisiwa cha Manda, basi msimu huo vyumba vya juu vinavyotazama bahari vina raha kubwa, na sehemu ya juu kabisa chini ya makuti unaweza kulala bila feni. Kuanzia Aprili tunaingia kusi, upepo wa kusini, na mwanzo wake ndio masika. Hapo chumba cha makuti kinaweza kukunyeshea. Mimi wakati huo humshauri mgeni achukue ghorofa ya kati, chumba kinachofungukia kiwandani: hewa inapita, mvua haimfikii. Kuna pia tangambili, pale pepo zinapobadilishana na hewa inasimama kabisa. Wiki hizo usichukue chumba kisicho na feni, na muulize mwenyeji kama ana jenereta au betri, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku bila upepo utajua umekaa kisiwani.

Alikuja mwalimu mmoja wa Machakos na mkewe, mwezi wa pili, mchana wa jua kali. Nikawapa kile chumba cha ndani. Akasimama mlangoni, akaniambia, "Mama, chumba hiki mbona hakina dirisha?" Nikamwambia, "Mwalimu, weka mkono ukutani kwanza." Akaweka. Ukuta ulikuwa baridi kama mtungi wa maji. Akavua viatu, akajilaza, akaamka alasiri. Lakini usiku niliwahamishia juu, kwa sababu ukuta mnene ulioshinda mchana kutwa ukinywa joto huwa hauna haraka ya kupoa tena, na hewa ya ndani haina pa kutokea. Hiyo ndiyo namna ya kuikaa nyumba ya mawe: mchana chini na ndani, usiku juu na nje. Ukiwa mgeni wa siku kadhaa, mwombe mwenyeji ruhusa ya kupumzika msanani mchana au kulala juu kwenye mkeka usiku. Wengi watakubali, na hawatakutoza zaidi.

Ngazi nazo zitazame kabla hujalipa. Ni za mawe, nyembamba, na vidato vyake virefu. Ukisafiri na mzee au mtoto anayetambaa, sema mapema upewe chumba cha chini, hata kama upepo wake ni mdogo. Kwa ajili hiyo hiyo usije na sanduku kubwa la magurudumu. Vichochoro vyetu vina mawe, mitaro ya maji na mavi ya punda, na gurudumu halitafika mbali. Begi la mgongoni linatosha. Mzigo ukiwa mzito, kuna mahamali wenye mikokoteni gatini. Patana bei kabla hajainua.

Maji yanahitaji maelezo. Maji matamu ya kisiwa hiki yanatoka kwenye visima vya Shela, kijiji cha jirani, chini ya vilima vya mchanga vinavyohifadhi mvua, na hayatoshi kila siku kwa kila mtu. Mifereji inaweza kukauka, hasa miezi ya ukavu mji ukiwa umejaa. Nyumba nyingi zina kisima chake, na maji yake huwa ya chumvichumvi: yanafaa kuogea na kufulia, ila sabuni haitoi povu vizuri, na ya kunywa ununue. Muulize mwenyeji kama kuna tangi juu, na ukikuta bafu la kizamani lenye birika, yaani tangi la maji lililojengwa humo, usiingie ndani yake wala usichovye sabuni. Chota kwa kata, jimwagie pembeni. Wazee wetu waliweka visamaki ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, na baadhi ya nyumba bado zinafanya hivyo. Ukiviona, viache.

Chandarua kishushe kabla ya magharibi, na ukichomeke chini ya godoro pande zote. Si mbu peke yake. Asubuhi utakuta unga mweupe juu yake: chokaa ya dari na vumbi la boriti zinazoliwa na wadudu. Bila chandarua unga huo ungekuwa juu ya mto wako. Ukikuta kidogo, ni kawaida ya nyumba ya umri huu. Lakini ukikuta boriti imepinda au kipande cha plasta kimeanguka kitandani, mwambie mwenyeji hapo hapo akuhamishe. Mwenyeji mwema atakushukuru, maana yeye mwenyewe hupita vyumbani akitazama dari kila mara.

Kuta zetu zimekandikwa chokaa ili zipumue. Unyevu na chumvi vikinaswa ndani, plasta inabanduka. Kwa hiyo nakuomba kwa moyo wangu wote: usipigilie msumari, usibandike kitu kwa gundi, na usitundike taulo mbichi kwenye zidaka. Zimechongwa kwa mkono, na mafundi wanaoweza kuzirudisha zilivyokuwa ni wachache. Kamba ya nguo iko juu, kwenye jua.

Kuna adhana ya alfajiri, na misikiti ni mingi, kila mtaa una wake. Kuna punda watakaolia usiku bila kukuomba radhi. Mwenye usingizi mwepesi achague chumba cha nyuma kuliko kile cha kando ya kichochoro. Na wewe pia utasikika. Kiwanda hupandisha sauti mpaka juu: neno linalosemwa kwa simu chini linafika ghorofa ya tatu kamili. Baada ya isha zungumza polepole. Ukiwa juu, macho yako yabaki baharini. Ua wa jirani ni chumba chake, na wanawake wamo wakipika na kusukana nywele bila kujifunika. Usipige picha upande huo. Viatu vinavuliwa palipo na vingine vimevuliwa. Ukitoka, vaa nguo za kufunika mabega na magoti. Kaptura na vesti ni za ufukweni Shela.

Kuhusu kufika: ukija kwa basi utashuka Mokowe, bara, uvuke kwa boti, ukija kwa ndege utashuka Manda na kuvuka vilevile. Panda boti ya abiria ya pamoja; ya kukodi peke yako ni ghali na inafika gati lile lile. Safari ya barabara ina vizuizi vya polisi, kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungiwa buti. Gatini utapokewa na vijana. Wengi ni wakarimu, lakini akikuambia nyumba uliyopanga imefungwa au imejaa, mpigie simu mwenyeji wako palepale. Kijana anayekupeleka kwingine ana fungu lake, na fungu hilo utalilipa wewe kila usiku. Anwani hatuna; tunaelekezana kwa msikiti, duka na Ngome, lile boma la kale la mji. Ukipotea, fuata mitaro: mji umeinuka kutoka pwani, maji yanateremka baharini, na pwani kila mtu anajua njia.

Bei zungumza kwa upole na uzungumze mapema. Uliza kama ni ya chumba au ya kila mtu, na kama chai ya asubuhi imo. Masika ndio wakati wa kupata nafuu kubwa, na ukikaa wiki nzima omba upunguziwe. Mwezi wa Mfungo Sita wa kalenda ya Kiislamu, wageni wa Maulidi wanapomiminika msikiti wa Riyadha, usitegemee kupunguziwa wala kupata chumba bila kupanga kabla. Mwisho wa Desemba ni hivyo hivyo. Ramadhani vyumba vipo, ila mchana usile hadharani, na magharibi utakaribishwa futari usiyoitarajia.

Chai isipokuwamo usihuzunike. Toka mapema uingie njia kuu, utakuta mahamri ya moto na mbaazi za nazi kwa pesa kidogo kuliko hoteli yoyote. Jioni karibu na Ngome kuna mishkaki, viazi karai na juisi ya ukwaju. Ukipata mkate wa mofa, ununue, ule na samaki wa kupaka, nami sitakuwa na zaidi la kukushauri upande wa chakula. Pombe usiingize ndani ya nyumba bila kumuuliza mwenyeji.

Siku ya kuondoka, lipa hesabu yako usiku wa kuamkia safari. Mabasi yanatoka Mokowe asubuhi na mapema na boti lazima uiwahi, huku mlango wa nje unafungwa usiku kwa komeo zito la mti lisilofunguliwa na mgeni. Mwambie mwenyeji saa unayotoka, naye atakuwa macho kabla yako. Mimi huwa nimeshabandika chai ya tangawizi mgeni anapoteremka na begi lake.