Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Onyesho la Tuba Pekee

Anayejiandaa kupiga tuba, ala kubwa ya shaba ya kupuliza yenye sauti nzito, peke yake mbele ya hadhira hana budi kuanza na suala la pumzi, kwa kuwa ndilo linaloamua karibu kila jambo jingine. Katika okestra, mpiga tuba hupata nafasi nyingi za kunyamaza, na hata asipozipata, wenzake huziba pengo anapovuta hewa. Akiwa peke yake, kila pumzi husikika, na msikilizaji huihesabu kuwa sehemu ya muziki. Kwa hiyo alama za mahali pa kupumua ziandikwe kwa penseli kwenye nota wiki kadhaa kabla, zikifuata vifungu vya muziki wenyewe, kisha zijaribiwe kwa kasi na ukubwa wa sauti utakaotumika siku yenyewe, maana noti ya chini inayopigwa kwa nguvu hula hewa nyingi kuliko noti ya juu inayopigwa kwa upole. Panapotia shaka, ongeza alama moja zaidi sasa, usije ukakatikiwa na pumzi jukwaani.

Pumzi hiyohiyo, pamoja na misuli ya midomo, ndiyo iongoze mpangilio wa vipande. Tuba ni ala changa, kwani hataza yake ilitolewa Berlin mwaka 1835, na kazi kubwa zilizoandikwa kwa ajili yake zilichelewa: konseto (kazi ya ala moja ikisindikizwa na okestra) ya mtunzi Mwingereza Vaughan Williams ni ya mwaka 1954, na sonata (kazi ya tuba na piano) ya mtunzi Mjerumani Hindemith ni ya mwaka 1955. Kishawishi cha kuzipanga kazi nzito mfululizo ili kuonyesha uwezo ni kikubwa, lakini midomo iliyochoka hairudi katika hali yake kwa makofi ya dakika moja. Kipande kizito kitanguliwe na chepesi, na ikiwezekana mpiga piano anayemsindikiza mpiga tuba apewe kipande chake mwenyewe katikati ili mpiga tuba apumzike.

Chagua mapema ala utakayotumia. Tuba hutajwa kwa noti yake ya msingi: bomba la tuba ya F lina urefu wa takriban mita 3.7, na la tuba ya B bapa takriban mita 5.5; ya kwanza hupanda kwa urahisi zaidi kwenye noti za juu, ya pili ina uzito zaidi chini. Wanaobadilisha ala katikati ya onyesho wakumbuke kwamba ile iliyowekwa kando hupoa, na tuba iliyopoa hushuka sauti, kwa sababu mawimbi ya sauti husafiri polepole zaidi katika hewa baridi. Piano haiwezi kuifuata. Ipeleke tuba ukumbini mapema, ipashe joto kwa kuipuliza taratibu bila kutoa noti, ndipo uipatanishe na piano. Na kwa kuwa itazidi kupata joto na kupanda sauti unapopiga, uwe tayari kuvuta nje kidogo bomba la kupatanishia ili kuishusha kati ya kipande na kipande. Hapo hapo mwaga maji yaliyojikusanya ndani, hasa kabla ya sehemu ya polepole, kwa sababu matone machache tu kwenye kona ya bomba huifanya noti laini itetemeke na kugugumia.

Ukumbi nao ujaribiwe, na wa kuujaribu ni mtu aliyekaa viti vya nyuma. Mdomo wa tuba huelekea juu, kwa hiyo kinachowafikia wasikilizaji kimepitia dari na kuta, na noti za haraka zilizosikika wazi chumbani kwako zinaweza kuchanganyikana huko zikawa mvumo mmoja. Dawa yake ni kuzifupisha na kuzianza kwa ulimi mkali zaidi. Mwombe pia mpiga piano apunguze uzito wa mkono wa kushoto, ambao hupiga noti za chini na hivyo hugombania nafasi na tuba. Kaeni pahali mnapoonana, kwani tuba huziba upande mmoja wa macho.

Mengine ni madogo: mafuta ya vali (vibonyezo vya kubadilisha noti), kiti kisicho na mikono, nguo isiyobana tumbo, na chakula kilichotangulia saa kadhaa. Asubuhi ya onyesho usipige programu nzima. Pasha midomo joto, pitia mianzo ya vipande na zile pumzi ngumu, kisha iweke tuba chini hadi jioni.